Wa Pili Aliye Bora Ni Nani?

Mimi ni karani wa parokia katika upande wetu huu wa milima ya Uluguru. Kazi yangu ni vitabu: kitabu cha ubatizo, cha ndoa, cha marehemu, na cha zaka. Mwaka 2025 vijana wakanibebesha na kitabu cha tano, yaani cha mpira. "Wewe ulisoma chuo cha ualimu, Bwana Karani," wakasema, "wajua kupiga mistari." Nikakubali bila kufikiri, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Kosa la pili nitalieleza hapa chini, maana ndilo lililotaka kuvunja parokia.

Parokia yetu ina vigango 11, na kila kigango kina timu. Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mwezi wa Agosti, hucheza mpira baada ya Misa. Lakini uwanja ni mmoja na siku ni moja. Timu 4 tu zaweza kucheza, kisha fainali ipigwe kabla jua halijaingia nyuma ya mlima, jambo ambalo kwetu hutokea mapema kuliko saa inavyosema. Basi swali la kila mwaka ni hili: kati ya timu 11, nani waingie na nani wabaki kutazama?

Hapo nyuma katekista mkuu alikuwa akizitaja timu hizo 4 mwenyewe, na watu walinung'unika kimoyomoyo tu kwa sababu ya heshima. Vijana wa leo hawataki hivyo. Wakataka mashindano. Tukagawa vigango katika kanda 3 kwa kufuata njia: vigango 4 vya bondeni, vigango 4 vya kando ya barabara, na vigango 3 vya mlimani. Kila timu icheze na wenzake wa kanda yake mara mbili, nyumbani na ugenini. Kushinda ni pointi 3, sare ni pointi 1. Mshindi wa kila kanda aingie sikukuu. Hao ni 3. Na nafasi ya nne? Nikaandika katika daftari, kwa mkono wangu, kwa wino: "Wa pili aliye bora." Maneno manne tu. Nikafunga daftari, nikaenda kula.

Miezi mitatu baadaye mechi zikaisha, nikafungua daftari. Tazameni wenyewe.

Wa pili wa bondeni alicheza mechi 6, akashinda 4, akafungwa 2 na yule aliyemzidi. Pointi 12. Wa pili wa barabarani alicheza mechi 6, akashinda 3, sare 2, akafungwa 1. Pointi 11. Wa pili wa mlimani alicheza mechi 4 tu, kwa kuwa kanda yake ina timu 3. Akashinda 3, akafungwa 1. Pointi 9. Na huyo wa mlimani alikuwa na pointi sawasawa na mshindi wa kanda yake. Alikosa nafasi ya kwanza kwa mabao.

Sasa niambieni, aliye bora ni nani?

Ukihesabu pointi zote, ni wa bondeni, kwa kuwa 12 ni nyingi kuliko 9. Ukigawa pointi kwa mechi, wa mlimani ana 2 na robo kwa kila mechi, wa bondeni ana 2 kamili, wa barabarani hafiki 2. Basi ni wa mlimani. Ukimtafuta aliyefungwa mara chache, wa mlimani na wa barabarani wamelingana, mara moja moja. Wa barabarani hakuwa wa kwanza peke yake kwa hesabu yoyote, naye akawa mwungwana, akanyamaza. Hao wawili wengine hawakunyamaza.

Nahodha wa bondeni alikuja ofisini asubuhi na mapema. "Shikamoo, Bwana Karani. Pointi ni pointi. Sisi tumecheza mechi 6 katika vumbi, wao 4. Tuadhibiwe kwa kufanya kazi zaidi? Tena hao wa mlimani wamecheza na nani? Wao kwa wao! Mwaka juzi aliletwa wa mlimani, akafungwa 5 bila hata kupiga shuti moja." Akaondoka. Kabla chai haijapoa akaingia nahodha wa mlimani, ambaye alitoka kwao kungali giza. "Shikamoo. Sisi tulipewa mechi 4, tukacheza 4. Zingekuwa 6 tungecheza 6. Nani alipanga kanda? Ni wewe." Nikatazama kikombe changu. Akaongeza: "Na wanasema tunacheza wenyewe kwa wenyewe. Waje basi wapande kwetu, tuone nani atapumua."

Msidhani lilikuwa jambo la mchezo tu. Vijana wa kile kigango cha mlimani ndio waliokuwa wakisomba mbao begani kwa ajili ya paa la nyumba ya mapadre, kwani gari haifiki kwao. Jumapili iliyofuata hawakuleta hata ubao mmoja. Tena kuna jingine. Siku ya sikukuu huja walimu wa michezo kutoka shule za chini, nao hutazama vijana wa shule. Huko mlimani alikuwapo kijana mmoja wa pembeni kushoto, mwanafunzi wa kidato cha pili, mwenye mbio za ajabu. Kijana wa bondeni akikosa sikukuu, ataonekana siku nyingine, yupo karibu. Yule wa mlimani akikosa sikukuu, amekosa mwaka mzima.

Mambo haya ya kuchaguliwa nayajua. Nilipokuwa chuoni ilitakiwa timu moja ya kwenda kucheza na vyuo vingine. Uchaguzi ulifanyika alasiri moja, kwa muda wa saa moja na nusu. Tuliokuwa chumba kimoja tulikuwa na mlinda mlango hodari sana, lakini alitoka chuo hicho mwaka wa kwanza, hakuna mwalimu aliyemjua. Katika ile saa moja na nusu mpira haukufika langoni kwake hata mara tatu. Wakaandika jina la mwingine, waliyemzoea. Sisemi walifanya hila. Nasema waliona kidogo, wakaamua kwa kile walichokiona. Ndivyo ilivyo pia kwa watoto wetu wa UMITASHUMTA na UMISSETA. Shule hucheza, kisha hufanywa timu ya kata, timu ya wilaya, timu ya mkoa, na kila ngazi kuna watu wazima wenye kalamu wakisema huyu abaki, huyu arudi nyumbani. Mtoto wa Kolero au wa Bunduki anayeteremka kwa gari la mizigo, tumbo tupu, akapewa dakika 20, anapimwa na mtoto wa mjini Morogoro aliyelala kwao.

Tangu ugomvi ule nimekuwa nikichunguza jinsi wakubwa wa dunia wanavyofanya. Nilidhani wao wana dawa. Kumbe nao wanakuna vichwa.

Mathalani, mechi za Afrika za kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la 2026. Timu ziligawanywa katika makundi 9 ya timu 6 kila moja. Washindi 9 wa makundi waliingia moja kwa moja, na katika wale wa pili 9, walitakiwa 4 walio bora wakapambane wao kwa wao. Mmeona? Ni daftari langu lile lile! Wao waliandika masharti yao mapema. Lakini Eritrea ikajitoa kabla ya mechi kuanza, tena ikajitoa katika kundi letu sisi Tanzania, lile la Morocco, Zambia, Niger na Kongo Brazzaville. Kundi letu likabaki na timu 5, na mechi chache. Sasa wa pili wa kundi la timu 5 atalinganishwaje na wa pili wa kundi la timu 6? Ikaamuliwa kwamba katika yale makundi mengine 8, zile mechi ambazo wa pili alicheza na timu ya mwisho zisihesabiwe kabisa.

Sikieni matokeo yake, Oktoba 2025. Burkina Faso ilimaliza ya pili katika kundi lake ikiwa na pointi 21. Nigeria ilimaliza ya pili katika kundi lake ikiwa na pointi 17. Aliyeingia ni Nigeria, na Burkina Faso ikaachwa nje! Sababu ni hii: Burkina Faso iliifunga Djibouti, timu ya mwisho, mara zote mbili, kwa hiyo zikafutwa pointi 6, zikabaki 15. Nigeria ilitoka sare mara mbili na Zimbabwe, timu ya mwisho ya kundi lao, kwa hiyo zikafutwa pointi 2 tu, zikabaki 15. Wakalingana, na Nigeria ikapita kwa tofauti ya mabao: 7 kwa 6. Kwa maneno mengine, Burkina Faso iliponzwa na kazi nzuri iliyoifanya juu ya mnyonge, na Nigeria iliokolewa na uvivu wake. Nigeria, Gabon, Kamerun na Kongo ya Kinshasa wakakutana Rabat mwezi wa Novemba, na jirani zetu Wakongo wakawatoa Kamerun kwa bao 1, kisha wakawatoa Nigeria kwa mikwaju ya penalti.

Nikachukua kalamu nikaipima parokia yetu kwa kanuni hiyo. Wa bondeni akifutiwa ushindi wake 2 juu ya timu ya mwisho, anabaki na pointi 6 kwa mechi 4. Wa barabarani alishinda mara 1 na kutoka sare mara 1 na timu ya mwisho, basi anabaki na 7. Wa mlimani ana 9 zake. Kwa hesabu hiyo wa bondeni anatoka wa kwanza anakuwa wa tatu. Nawaambia, nilifuta jasho. Timu ni ile ile, mabao ni yale yale, vumbi ni lile lile. Karani akibadilisha hesabu tu, aliyekuwa juu anakuwa chini.

Lakini msione kwamba hesabu za wa pili na wa tatu ni balaa tupu. Sisi Watanzania zimetupa furaha pia. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Morocco kuanzia Desemba 2025, Taifa Stars ilifungwa na Nigeria 2 kwa 1, ikatoka sare na Uganda 1 kwa 1, ikatoka sare na Tunisia 1 kwa 1. Haikushinda mechi hata moja. Tulikuwa na pointi 2, nafasi ya tatu. Kanuni ilisema watatu wanne walio bora kati ya makundi 6 wapite. Angola nayo ilikuwa na pointi 2 na tofauti ya mabao sawa na yetu. Lakini sisi tulifunga mabao 3, wao 2. Tukapita! Ilikuwa mara ya kwanza Tanzania kuvuka hatua ya makundi, na baadaye tukatolewa na Morocco wenyeji kwa bao 1. Watu wa Angola wakiuliza, "Timu isiyoshinda hata mechi moja yapitaje?" tutawajibu nini? Tutawajibu kwamba kanuni iliandikwa kabla ya mpira kupigwa, nao waliisoma. Jibu hilo mimi sikuwa nalo kwa nahodha wa mlimani.

Iko njia ya pili, ile ya katekista wetu wa zamani, yaani wazee wakae wachague. Msidhani ni njia ya washamba. Marekani, nchi ya mashine, hufanya hivyo katika mpira wa vyuo vikuu. (Si mpira wetu wa miguu. Mpira wao umechongoka kama embe dodo, huchukuliwa mikononi, na wachezaji huvaa kofia ngumu.) Vyuo ni zaidi ya 130, na kila timu hucheza mechi kama 12 tu kwa mwaka, kwa sababu mchezo ule huvunja watu. Basi haiwezekani wote wakutane. Kwa hiyo kamati ya watu 13 hukaa, hutazama nani kashinda, kamshinda nani, kafungwa na nani, kisha hutangaza majina. Kuanzia 2014 walitaja timu 4. Kuanzia 2024 wametaja 12.

Mwaka 2023 chuo cha Florida State kilishinda mechi zake zote 13. Zote! Kamati ikakiacha nje, ikachukua Alabama iliyofungwa mara moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kijana wao aliyeongoza mchezo alikuwa amevunjika mguu, kwa hiyo timu ya sasa si ile iliyoshinda. Hebu fikirini: umeshinda mechi zote, unaambiwa hukuingia, kwa kuwa huenda ukishindana utashindwa.

Na mwaka 2025 yalikipata chuo cha Notre Dame, ambacho Wakatoliki wengi wanakijua, kilichoanzishwa 1842 na watawa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, hao hao wanaofanya kazi Uganda na Kenya. Kilifungwa mechi 2 za mwanzo, ya kwanza na Miami kwa 27 kwa 24, ya pili na Texas A&M kwa pointi 1 tu, kisha kikashinda mechi 10 mfululizo. Miami nayo ilishinda 10 na kufungwa 2. Kwa majuma kadhaa kamati iliiweka Notre Dame mbele ya Miami. Wiki ya mwisho hakuna kati yao aliyecheza, lakini Jumapili ya kutangaza, kamati ikawageuza: Miami ndani, Notre Dame nje. Wakasema, hawa walikutana, na Miami alishinda. Ni kweli, lakini ukweli huo ulikuwapo tangu mwisho wa Agosti! Notre Dame wakaudhika hata wakakataa kucheza mechi nyingine yoyote msimu ule. Nami nakiri, Miami hawakuiaibisha kamati: walifika fainali Januari 2026, wakafungwa na Indiana 27 kwa 21.

Nikisoma habari hizo nilimwona nahodha wangu wa bondeni akisema, "Wamecheza na nani?" Hilo ndilo neno la kamati ya Marekani pia. Nalo si neno la kijinga. Kushinda mechi 3 dhidi ya wanyonge si sawa na kushinda 3 dhidi ya wenye nguvu. Ubaya wake ni kwamba aliye mbali hawezi kuthibitisha nguvu zake, kwa kuwa wenye nguvu hawaendi kwake, kisha anahukumiwa kwa kutokutana nao.

Hapa nyumbani tulikuwa na kesi yetu mwaka 2023, na bado hutajwa vijiweni. Shirikisho la Afrika lilianzisha mashindano mapya, African Football League, ya timu 8, kila nchi timu moja. Kutoka Tanzania ilitajwa Simba. Watu wa Yanga wakapiga kelele: sisi ni mabingwa wa nchi misimu miwili mfululizo, tena mwaka huu huu tumefika fainali ya Kombe la Shirikisho! Ni kweli. Walifungwa na USM Alger 2 kwa 1 Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1 bila, kombe likawapotea kwa sheria ya bao la ugenini. Watu wa Simba wakajibu: na miaka mingine je? Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, 2021 na 2023, na robo fainali ya Shirikisho 2022, alikuwa nani?

Wote wawili wana haki, ila kila mmoja ameshika kalenda yake. Afrika huhesabu pointi za miaka 5, na mwaka wa karibuni huzidishwa kwa 5, uliotangulia kwa 4, hivyo hivyo hadi wa mbali. Kwa hesabu hiyo Simba ilikuwa mbele. Basi tarehe 20 Oktoba 2023 mashindano yakafunguliwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Simba ikatoka sare na Al Ahly 2 kwa 2, Kairo wakatoka tena 1 kwa 1, na Simba ikatolewa kwa sheria ile ile ya bao la ugenini iliyowaliza Yanga. Watani wakalia kilio kimoja mwaka mmoja.

Ligi kuu yenyewe haina ugomvi huo. Timu 16, kila moja hucheza 30, nyumbani na ugenini, na mwisho jedwali linasema. Mtibwa Sugar yetu ya Turiani ilipochukua ubingwa 1999 na 2000, hakuna kamati iliyowapa. Iliposhuka daraja 2024 hakuna aliyewaonea, na iliporudi 2025 hakuna aliyewahurumia. Lakini ligi ya namna hiyo yataka mabasi, mafuta, na majuma 30. Vigango 11 vikikutana vyote, nyumbani na ugenini, ni mechi 110. Katika milima yetu, ambako masika hukata njia na mpira ukitoka nje huteremka korongoni hata mtoto akatumwa nusu saa, tungemaliza mwaka mwingine.

Sasa nirudi kwenye ugomvi. Padre alipelekewa shauri, akakataa kulikata. "Nikichagua mmoja," akasema, "nusu ya parokia itasema Padre ana timu." Akaitisha mkutano baada ya Misa, chini ya mwembe.

Walisema wengi. Nahodha wa bondeni alisema 12. Nahodha wa mlimani alisema 2 na robo. Mzee mmoja akasimama akasema kwamba kwa Waluguru hata mrithi wa jina la ukoo hahesabiwi kwa kuzaliwa kwanza tu. Wazee wa upande wa mama hukaa, humtazama kijana tabia yake, ndipo humtaja. Basi na wazee wakae. Akapigiwa makofi na wazee. Vijana hawakupiga. Kijana mmoja akauliza kwa adabu, "Mzee, na wazee watakaokaa ni wa kigango gani?" Mzee akacheka, akaketi.

Kisha wakanigeukia mimi. Nikasimama nikakiri kosa langu la pili mbele ya wote: kwamba niliandika "aliye bora" bila kuandika ubora hupimwa kwa nini, na kwamba nilipanga kanda moja ya timu 3 na nyingine za timu 4 bila kuwaza pointi zitakavyokuwa. Nikasema kwamba hesabu yoyote nitakayoichagua sasa nimeshajua itampendelea nani, kwa hiyo si hesabu tena, ni kura yangu. Nikaketi. Palikuwa kimya kidogo.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa WAWATA, ambaye alikuwa akingoja mkutano uishe apange mapishi ya sikukuu. Alisema hivi: "Mnawahesabia hawa watoto kama marehemu. Si wako hai? Si wana miguu? Wakutane."

Watu wakacheka, na jambo likaisha pale. Lakini hata kukutana kuna haki yake. Wakutane wapi? Bondeni, wa mlimani atafika amechoka. Mlimani, wa bondeni hatapumua. Tukachagua uwanja wa shule kando ya barabara, mahali pa katikati, na wale wa barabarani waliokuwa wamenyamaza wakatoa refa na maji ya kunywa. Ikakubaliwa wa mlimani wateremke Ijumaa jioni, walale katika majengo ya shule, wapikiwe. Chakula kilitoka kwa watu wa bondeni. Hilo sikulitegemea, nami nimeliandika katika daftari pamoja na idadi ya debe za unga: 2.

Jumamosi wakacheza. Sitawachosha kwa habari za kila shuti. Wa mlimani walianza kufunga, kwa yule kijana wa pembeni kushoto, aliyekimbia na mpira kutoka katikati kana kwamba anafukuza mbuzi. Bondeni wakasawazisha kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili walitawala wao, nikisema kweli, na dakika za mwisho wakapata bao la kichwa kutokana na kona. Mbili kwa moja. Bondeni wakaenda sikukuu, ambako walifungwa mechi ya kwanza.

Mwalimu wa ile shule alimwita yule kijana, akaandika jina lake, shule yake, na namba ya simu ya mjomba wake. Hadi leo sijui kama amepigiwa.

Nahodha wa mlimani alikuja mezani kwangu kutia sahihi, viatu vyake mkononi, soksi zimejaa tope jekundu. Akatia sahihi. Kisha hakuondoka. "Bwana Karani," akasema, "andika ya mwaka kesho sasa hivi, na mimi niko hapa." Nikamwita na mwenzake wa bondeni. Tukaandika watatu, juu ya bonge la mti, kabla ya giza. Mbao zilianza kushuka tena juma lile lile.

Kanuni yenyewe ni hii, kama ilivyo katika daftari: Kanda zitakuwa 2, ya timu 6 na ya timu 5, na kila kanda itachanganya vigango vya juu na vya chini. Kila timu itacheza na wenzake mara moja, na kigango cha mlimani kitakuwa nyumbani angalau mara mbili. Wawili wa kwanza wa kila kanda wataingia sikukuu. Hakuna wa pili aliye bora. Wakilingana pointi, atazamwe aliyeshinda walipokutana. Wakiwa walitoka sare, tofauti ya mabao. Ikilingana nayo, mabao ya kufunga. Nayo yakilingana, penalti uwanja wa barabarani, Jumamosi. Karani hana kura.

Kanuni itaanza kutumika baada ya masika. Msomaji akiona tundu ndani yake, hasa mwenye kujua namna bora ya kugawa safari za mlimani, na aniandikie kabla mpira wa kwanza haujapigwa.